Kesho Ataitwa Mbele

...na kama sauti haitatoka je, kama atasimama pale mbele, kanisa zima likimtazama, alijiuliza huku akisukuma pasi polepole juu ya kitambaa cha madhabahu, upande wa ndani, sikuzote upande wa ndani ili maua ya uzi yasilale, na taulo chini yake, ndivyo mama alivyomwelekeza mara nyingi bila kumwachia hata siku moja akipige pasi mwenyewe, kila Jumamosi mama alikuja chumba hiki cha nyuma ya kanisa na pasi yake ya nyumbani, na sasa kitambaa kinanyooshwa kwa ajili ya ibada ya kumzika yeye, na mkono unaokinyoosha ni wa mwanawe... "Unanisikia lakini?" mama mdogo alikuwa akisema kutoka kwenye kiti, akikata mashina ya maua juu ya ndoo, "mchungaji ameshasema, wa kumsemea mama yako ni wewe, huna kaka, huna dada, unataka nisimame mimi? Mimi nitalia tu mpaka kamasi zinitoke," alisikia, amesikia tangu asubuhi, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole, mvuke mwepesi ukapanda, mtoto wake aliyembeba mgongoni akajigeuza akatulia, heri yeye asiyejua kesho ni nini, "ila na wewe nawe," mama mdogo akacheka kidogo, "hata kuku akikukazia macho unamwomba radhi," kweli, na kesho si kuku, kesho ni watu wote wale waliojaa sebuleni jana, kila mmoja akimsimulia mama aliyemjua yeye, fundi cherehani akisema Mwalimu, ndivyo walivyomwita mama, ndiye aliyemfundisha kusoma wakati wengine walimwita kichwa kigumu, mjane wa nyumba ya pili akisema alipougua Mwalimu alimfulia mashuka yake kwa mikono yake, na yeye akipita na sinia la chai, akisikiliza kama mgeni, akijiuliza wanamsema nani, kwa maana wa kwake alirudi jioni na chaki kwenye nyusi, akavua viatu mlangoni, akasema nipe dakika moja, mwanangu, akaketi akafumba macho, na yeye alikaa sakafuni akiilinda ile dakika, asikohoe, asiburute kitu, sasa akawaambie watu hilo, kwamba alichobakiwa nacho ni mwanamke aliyechoka amefumba macho, watamtazama, watatazamana... pasi! akaiinua haraka, akakigeuza kitambaa, hapana, hakijaungua, kitu cha mama hiki, kikiungua hakuna wa kumwambia samahani... na lile jingine, lile asilomwambia mtu, kwamba akifungua mdomo kesho litatoka neno lile lile, Mwalimu, kwa maana mama alimfundisha darasa la pili, siku ya kwanza tu alimwambia hapa mimi si mama yako, hapa mimi ni Mwalimu, naye akashika sana, akashika mno, mpaka jioni moja mama alipoingia jikoni yeye akaruka wima, shikamoo Mwalimu, na mama, sufuria mkononi, akajibu marahaba, kaa chini, kabla hajajisikia mwenyewe, kisha akacheka hadi akaitua sufuria, walicheka wote wawili, lakini jina likabaki, likakua naye, na kule hospitali muuguzi aliposema zungumza naye, mama huyo anakusikia, aliinama karibu na sikio, akalitafuta neno, na lililotoka ni Mwalimu... na mama hakujibu, akaenda zake, alikwenda akijua ana mtoto kando yake au mwanafunzi tu, nani atamwambia, "na uongee kwa sauti," mama mdogo alisema, "usiinamishe kichwa kama unatafuta sindano," aliinamisha kichwa hivyo hivyo darasani, aliposimamishwa kujibu na jibu likampotea, watoto wakaanza kucheka, na mama hakumwambia kaa, hakumpa mwingine nafasi, aligeuka tu, akawapa mgongo, akaanza kufuta ubao, ubao uliokuwa safi, akaufuta kona hadi kona, na maisha yake yote ameuogopa ule mgongo, aliamini mama alimwonea aibu akaficha uso... akasimamisha mkono, akaisimamisha pasi kando... ila watoto walitazama wapi, waliacha kumtazama yeye, walifuata kifutio, kinakwenda wapi kwenye ubao usio na kitu, wakasahau kucheka, naye akabaki peke yake pale nyuma ya macho yao, bila mtu wa kumharakisha, na jibu likarudi, lilirudi kweli, na aliyegeuka vile hakuwa Mwalimu pekee, mwalimu yeyote angemkalisha, aliyegeuka vile alikuwa amemzaa, basi lile neno la hospitali halikumfikia mtu mwingine, lilimfikia yuyo huyo... hofu haikuondoka, ilikaa palepale kifuani, lakini ilijibana kidogo, pumzi ikapata pa kupita, "mbona kimya?" mama mdogo akauliza, mkasi umesimama hewani, "nimwambie nini mchungaji, utasema au hutasema?" naye akainyanyua tena pasi, hakuinamisha kichwa, "subiri kidogo, mama mdogo," akasema, "jibu linakuja."