Kanzu Sita za Wageni

Bruda Liberatus aliinua kanzu ya kwanza kwa mti wa kukorogea, akaitazama ikichuruzika, akairudisha majini polepole kama mtu aliyefunua chungu kisicho chake. Akaiinua tena. Haikuwa imebadili mawazo. Ilikuwa ya kijivu.

Ya pili, kijivu. Ya sita aliijua kabla haijatoka.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefua nguo za wamonaki wa abasia yao, nje kidogo ya Mafinga, na hakuwahi kutenganisha rangi. Atenganishe nini? Wenzake ishirini na wawili walivaa nyeusi: nyeusi ya shambani, nyeusi ya kanisani, nyeusi ya kuzikiwa. Pipa moja, moto mmoja wa magogo ya msonobari, chumvi konzi mbili, basi. Mikono yake ilijua kazi hiyo bila kumsumbua mwenyewe. Mchana ule, ikiwa imechoka, ilifanya tu ilivyozoea.

Wageni walikuwa wamonaki weupe, waitwao hivyo kwa kanzu zao, kutoka milima ya Mbeya. Weupe na weusi ni wana wa Baba Benedikto yuleyule, mtunga kanuni yao. Walitengana karne nyingi zilizopita huko Ulaya, kwa ugomvi ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri, ingawa kila upande uliutunza. Miaka tisa hawakuwa wametembeleana. Kesho, sikukuu ya Baba yao, wangeimba misa pamoja. Lakini gari la wageni lilizimika Chimala, wakalisukuma kwa zamu, wakafika na kanzu zenye rangi ya barabara. Wakaazimwa nyeusi za kushindia.

"Zao mpeni Liberatus," alisema Abate Benjamini, kama mtu asemavyo, weka pale.

Kesho hiyohiyo, baada ya misa, Liberatus angekabidhi ufunguo wa chumba cha kufulia, apumzike. Magoti yalikuwa yamekwisha. Alitaka jambo moja tu: aondoke bila doa.

Sasa, kwao, aliyeharibu kitu hukipeleka mwenyewe chumba cha kulia, akapiga magoti nacho mbele ya wote. Liberatus alikuwa ameona watu wakipiga magoti na sahani, na jembe, na mara moja, kwa taabu kubwa, na mlango wa banda la nguruwe. Jioni ile alipiga magoti na kanzu mbichi.

Msomaji, aliyekuwa akiwasomea wenzake wakila, akafunga kitabu. Maji yakadondoka sakafuni: to, to, to.

"Nimeziharibu zote sita," alisema. "Nilizichanganya na zetu."

Padre Marcelino, mkuu wa wageni, alikuwa amekuja na hotuba ya kurasa kumi na moja kuhusu umoja. Aliishika ile kanzu kwa vidole viwili.

"Kesho tunaingiaje kanisani? Waumini watadhani limeanzishwa shirika jipya."

Mmoja wa weusi akacheka puani. Mmoja wa weupe akamkata jicho. Liberatus, pale chini, akaiona miaka tisa mingine ikija.

Benchi likalia mwishoni mwa meza ya wageni. Mzee mrefu, Bruda Andendekisye, alikuja taratibu katika kanzu ya kuazima iliyomwishia kwenye miundi, akapiga magoti kando ya Liberatus. Goti moja, kisha, baada ya mashauriano, la pili.

"Na wewe Bruda, umekosa nini?" Abate akauliza.

"Bado, Baba. Mimi ndiye mfuaji wa kwetu. Miaka ishirini na sita nafua nyeupe tu. Hii nyeusi yenu nilikuwa nimeshaipangia jiki." Akaipapasa kifuani. "Mngeipata ina rangi ya kutu."

Padre Marcelino aliigeuza kanzu, akaigeuza tena.

"Baba Benedikto alitukataza kunung'unikia rangi ya nguo," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejisomea mashtaka.

"Na sisi alitukataza," Abate akasema. "Haya, Liberatus, zitakauka?"

"Kwa baridi hii ya Julai? Tano, nikizisogeza motoni. Moja ina mifuko mizito."

"Hiyo yangu," Andendekisye akanong'ona. "Natembea na karanga."

Asubuhi, kanzu tano za kijivu ziliingia kanisani katikati ya nyeusi, na miundi ya Andendekisye nyuma yao. Hotuba haikusomwa. Ilikuwa imesahauliwa mfukoni mwa kanzu ya Padre Marcelino ikafuliwa pamoja nayo, jambo ambalo Liberatus alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kulikiri.

Baada ya misa, wazee wawili waliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, nyuma ya chumba cha kufulia. Mbele yao, wayani, kanzu ya sita. Mikono yao ilikuwa magotini: minne, yote imepasuka mahali palepale, kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Kamwene, mfuaji," Andendekisye akamsalimu, akijaribu Kihehe.

"Ndaga," Liberatus akamjibu kwa Kinyakyusa. Hapo lugha za kuazima zikawaishia.

Gari la wageni likapiga honi.

"Imekauka?" Andendekisye akauliza, macho amefumba.

Liberatus aliuhamishia ufunguo, ambao bado hakuwa ameukabidhi, mkono wa kushoto. Akanyoosha wa kulia, akashika mkono wa kanzu, akaufikicha. Ulikuwa mkavu kabisa, wenye joto la jua.

"Bado kwapani," alisema.

Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Ufunguo ulikuwa umepata joto kiganjani. Andendekisye akajisogeza kwenye ndoo, akaegemea ukuta, akavua viatu.