Kiatu Kiko kwa Fundi

Katika mchezo wote wa nyimbo uliotungwa kumkumbuka babu yangu, mimi nilipewa nafasi ya maiti. Sikuiomba, lakini sikuikataa pia. Kwa mtu mwenye aibu kama mimi, hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo jukwaani. Unalala, unafunikwa shuka, watu wanakulilia, na hakuna anayekutegemea useme neno.

Kwanza ilikuwa ya Remmy. Remmy ndiye aliyeigiza babu tangu ujana mpaka uzee, kwa masharubu yale yale. Lakini mama yake alipopata habari kwamba mwanawe anajipima ndani ya jeneza tuliloazimwa na seremala, alikuja mazoezini na mwiko mkononi, ugali bado umeganda juu yake.

"Remmy! Toka humo!"

"Mama, ni mchezo tu."

"Kifo hakijui mchezo. Toka! Walale wenye babu yao."

Watu wote wakanigeukia. Mwenye babu nilikuwa mimi, nimekaa pembeni nashona vifungo vya majoho ya kwaya.

"Skola," akasema Leonce, aliyekuwa akituongoza mazoezini, "wewe si huwa huongei?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Safi. Ingia."

Babu yangu, Athanasi Mapunda, alifundisha kwaya hapa Bombambili tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na besi ya kutikisa vikombe kabatini, na aliupenda ulanzi, ile pombe ya mianzi, kuliko baadhi ya watoto wake. Alipofariki mwaka jana, kwaya ilibaki ikiimba kama kuku waliosahauliwa bandani. Hapo ndipo Leonce akarudi kutoka Dar es Salaam. Zamani aliimba sauti ya tenori katika kwaya ya babu, na babu alikuwa akimwambia sauti yake ingefaa kufukuza nyani shambani. Sasa alirudi na skafu shingoni, skafu ambayo hakuivua hata jua la saa saba, na alikuwa na wazo.

"Siyo igizo," alituambia. "Kwenye igizo watu wanaongea, halafu wanaimba. Hii ni tamthilia ya muziki. Humu mtu anaimba hata akiomba chumvi."

Alikuja nyumbani kuomba ruhusa ya bibi yangu, Kunegunda, mjane wa babu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeumwa koo?"

"Hapana, bibi."

"Sasa hilo tambara la nini?"

Leonce akaeleza wazo lake kwa muda mrefu. Bibi alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. Leonce alipomaliza, bibi akasema, "Mtaweka na habari ya kiatu?"

Habari ya kiatu ilikuwa hivi. Babu alipokwenda Lusewa kujitambulisha ukweni, alianguka na baiskeli kijitoni, maji yakachukua kiatu kimoja. Akaingia kwa wakwe na kimoja. Baba mkwe akamtazama miguu kwa kitambo, akauliza, "Kijana, kiatu kingine kiko wapi?" Babu akajibu bila kupepesa, "Kiko kwa fundi, mzee, kinakuja." Wakampa mke. Mpaka leo sijui kwa nini.

Tangu hapo, kila babu aliporudi amechelewa na ananuka ulanzi, bibi hakumwuliza alikuwa wapi. Alisimama nyuma ya mlango na kuuliza, "Athanasi, kiatu kingine kiko wapi?" Babu, hata kama amekuja kwa magoti, alijibu, "Kiko kwa fundi, mama, kinakuja." Bibi alisema, "Haya, pita," na mlango ukafunguliwa. Akishindwa kujibu, alilala na mbuzi. Mbuzi walimzoea.

Siku ya mwisho, hospitalini, bibi alimwinamia akamwuliza. Nilikuwepo. Babu alikuwa ameshapoteza kauli, akamtazama tu. Bibi hakuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo, jioni nilikuwa namwona anakwenda mlangoni, anaweka mkono kwenye komeo, kisha anarudi kuketi.

Kwa hiyo bibi aliposema habari ya kiatu iwemo, nilijua anataka nini. Leonce akakubali haraka, kama mtu anayekubali kila kitu ili aondoke na ruhusa.

Wimbo nilikuwa nao. Niliutunga nikiwa kwenye cherehani, maneno ni yale yale ya mlangoni, mimi nilitia sauti tu. Nilimwimbia Leonce nimegeukia ukuta. Alipiga makofi. Mazoezi yalipokolea, akauondoa.

"Skola, nielewe. Kuna wageni rasmi. Mwalimu wa kwaya hawezi kuonekana mlevi mwenye kiatu kimoja. Haina hadhi."

Mahali pa kiatu akaweka wimbo mrefu uitwao "Nuru Haizimiki", ambalo pia ndilo lilikuwa jina la mchezo wote. Katika wimbo huo babu anafariki huku akisoma Maandiko, kitu ambacho hakufanya hata alipokuwa haumwi. Halafu Remmy, amevaa joho jeupe, anapanda ngazi ya kupakia rangi kwenda mbinguni, malaika wawili wakiishika isiyumbe. Chini, mimi nimelala kwenye jeneza.

"Remmy ni roho," Leonce alitufafanulia, "Skola ni mwili."

Nilimwambia bibi siku ile ile. Aliendelea kukoroga mboga.

"Kwa hiyo mnamzika mume wa nani?"

Lakini walipohitaji shuka la kufunikia maiti, alinipa lile lake zuri, lililotariziwa maua. Akasema atakuja kwenye onyesho, siyo kumtazama huyo mume wao, bali kulinda shuka lake.

Onyesho lilifanyika Jumapili baada ya misa, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mwanzo ulikwenda vizuri, kwa kiasi. Masharubu ya Remmy yalidondoka akiwa anachumbia, akayarudisha yamepinda, watu wakadhani ndiyo mapenzi. Wakwe wa Lusewa waliimba kumkaribisha kijana mwenye suti na viatu viwili vinavyong'aa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nangoja kufa. Nikachungulia: bibi alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani, uso kama ukuta wa matofali.

Kisha nikalala, nikafunikwa, na wanaume wanne wa besi wakanibeba kuingia jukwaani, wakiimba "Nuru Haizimiki". Kupitia nyuzi za maua niliona mwanga tu. Nikasikia ngazi inalia, Remmy anapanda.

Hapo nikasikia kiti kinasukumwa.

"Simameni hapo hapo! Maiti haipiti!"

Sauti ile niliifahamu. Alikuwa Mzee Mussa, Myao wa Tunduru anayeuza korosho sokoni, rafiki wa babu na mtani wake. Mngoni na Myao ni watani, na mtani msibani ana haki zake. Anaweza kumtukana marehemu, kumwigiza, kuziba njia ya kaburini mpaka apewe chochote, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Leonce alikuwa ameweka mazishi jukwaani, akaweka malaika na ngazi, akasahau mtani. Dar es Salaam ilikuwa imemharibu kiasi hicho.

"Mzee Mussa," Leonce alinong'ona kutoka nyuma ya pazia, mnong'ono uliosikika mpaka barabarani, "hii ni tamthilia!"

"Tamthilia simjui. Mimi nimemfuata Athanasi."

Ukumbi ukacheka. Nikasikia ndala zake zinapanda jukwaani.

"Nyinyi Wangoni, watumwa wangu, hamna adabu hata kidogo. Mwaka jana mlimzika mimi niko Tunduru kwenye korosho. Hamkuningoja! Mtu mzima akazikwa kimya kimya kama mkoloni. Leo mmemfukua wenyewe. Alhamdulillahi! Nafanya kazi yangu."

Akajilaza chali mbele ya wabebaji. Wabebaji wakakwama. Mmoja akasema mkono unakufa ganzi, wakaniweka chini. Mzee Mussa akainuka, nikasikia pumzi yake juu ya shuka.

"Huyu mbona mwembamba? Athanasi tumbo lake lilikuwa linafika mahali kabla yake. Mmempunguza? Na yule juu ya ngazi nani?"

"Ni roho yake," mtu mmoja akajibu kutoka kwa watazamaji.

"Roho ya Athanasi inapanda? Na kiu yote ile? Shuka wewe! Kilabu kiko huku chini."

"Siwezi," Remmy akajibu, sauti inatetemeka. "Walioshika ngazi wameondoka."

Malaika niliwasikia wameketi sakafuni wanacheka.

Mzee Mussa akaanza kumwigiza babu. Sikumwona, lakini niliposikia "Besi! Mnaimba au mnaumwa matumbo?" nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ya babu kabisa. Akatembea kama babu anarudi nyumbani, hatua mbili mbele, moja pembeni, anaomba radhi kwa kila nguzo. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Nikasikia ndala yake moja inamtoka na kuanguka chini ya jukwaa.

Baada ya hapo nikasikia mtu anainuka mstari wa mbele, anakohoa kidogo.

"Athanasi, Athanasi, kiatu kingine kiko wapi?"

Alikuwa bibi, na alikuwa anaimba. Aliimba kwa sauti yangu niliyoitunga kwenye cherehani. Sikuwahi kumwimbia, kumbe alikuwa ananisikia kupitia ukutani.

Vicheko vikakatika. Mzee Mussa naye akanyamaza, kwa sababu mtani mzuri anajua swali lisilomhusu.

Nililala pale nikihesabu nani anaweza kujibu. Remmy alikuwa amekumbatia ngazi, na hata angekuwa chini, maneno hakuyajua. Leonce aliyafuta kwa mkono wake. Nilibaki mimi, na mimi nilikuwa maiti. Maiti hana kazi ya kujibu, ndiyo maana niliipenda kazi hii. Watu wote wa Bombambili walikuwa mle ndani: wateja wangu wa kushona, waendesha bodaboda, walimu wa shule niliyoiacha nikiwa darasa la tano.

"Athanasi," bibi akauliza mara ya pili, chini zaidi, karibu haimbi tena, "kiatu kingine kiko wapi?"

Hiyo ndiyo sauti ya hospitalini. Nilijua hatauliza mara ya tatu. Ataketi, na jioni atakwenda tena kushika komeo.

Nikaamka, nikakaa wima ndani ya jeneza. Shuka sikulitoa kichwani, msinidai mengi. Nikaimba:

"Kiko kwa fundi, mama, kinakuja."

Mwanamke mmoja alipiga yowe akatoka mbio mpaka nje, nasikia alisimama kwenye mti wa pili. Mbebaji mmoja aliruka akamwangukia malaika. Sauti yangu si besi, ni kijisauti cha kuitia vifaranga, na ilitetemeka tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Lakini ilifika.

"Haya," bibi akasema, "pita."

Akaketi. Nikasikia anacheka peke yake, kicheko cha kifua, kile alichokuwa anakificha nyuma ya mlango ili babu asimsikie. Kisha ukumbi wote ukaudaka wimbo, upande mmoja ukauliza, mwingine ukajibu, Mzee Mussa akipiga mapigo juu ya jeneza langu kama ngoma yetu ya lizombe. Wageni rasmi walijibu kwa nguvu kuliko wote. Hadhi yao sijui waliiweka wapi. Remmy tulimkumbuka baadaye.

Leonce alitoka mbele akainama mara nyingi mpaka skafu ikafagia sakafu. Aliwaambia watu kwamba yote aliyapanga hivyo. Sikumpinga, nilikuwa bado chini ya shuka.

Sasa mchezo unaitwa "Kiatu Kiko kwa Fundi", na tumeupeleka Lusewa na Hanga. Hanga walitupa maharage, Lusewa walibishana na sisi kwamba kile kijito tumekionyesha kidogo mno. Mzee Mussa ana mkataba: kila mazishi, jogoo mmoja, na asipoupata, maiti haipiti kweli. Leonce anamwandikia matusi ya kusema, yeye anasema ya kwake. Mama yake Remmy alinifuata juzi, safari hii bila mwiko, ananiuliza kwa upole kama sichoki kulala kwenye jeneza, maana mwanawe angeweza kunisaidia. Maiti ndiye mwenye wimbo, nafikiri ameona. Nikamwambia kifo hakijui mchezo. Nilimwambia nikiwa natazama chini, lakini nilimwambia.

Anayeuliza swali siku hizi ni Rosemary wa sauti ya kwanza. Anauliza vizuri, ila anaongeza madoido. Leonce alikwenda nyumbani kumbembeleza bibi asafiri nasi.

"Bibi, bila wewe haina ladha. Uulize tu, basi."

"Nimeuliza, nimejibiwa," bibi akasema. "Mwanamke anayeuliza tena akishajibiwa anatafuta ugomvi."

Leonce akaaga. Alipofika mlangoni bibi akamwita.

"Shuka langu mlilete. Na mlifue kwanza, limelaliwa Hanga na Lusewa."