Sikugeuza Karatasi

...mtu mzima ana dhambi gani za robo saa, au ndiyo anamsimulia Padri maisha ya jirani, maana wapo, wapo wanaoingia kwenye kitubio wakaungama dhambi za mawifi zao, na mimi kwa wifi niliye naye ningeweza kukaa humo ndani mpaka Krismasi yenyewe ipite... songeni, katekista anasema, songeni ndugu zangu tusiache nafasi, tunasonga kwenye benchi, kalio moja kisha la pili, sasa mbele yangu wamebaki watatu, fundi bomba, mama wa duka la dawa, na yule mzee wa sauti ya nne kwenye kwaya, ameegemea nguzo anasinzia mdomo wazi, heri yake, mimi nikifumba macho hapa hawaniamshi leo, nitaungamishwa na malaika, nimeamka saa tisa usiku kumbadilishia Mama shuka, saa kumi na moja nikakaa kwenye cherehani kumalizia kitambaa cha zambarau cha altare, kile pale kimetandikwa, upande wa kushoto pindo limekwenda upogo na hakuna atakayeona ila mimi, na sasa ni saa kumi jioni, mgongo huu si wangu tena, nimeuazima kwa mtu na mwenyewe anautaka. Bega langu linaguswa kwa nyuma. Ni Mama Kanuni, mwenyekiti wa jumuiya yetu, tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kusema kwa mujibu wa utaratibu, ananong'ona kwamba taji la Majilio limependeza, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, kwamba neno la Majilio mwaka huu ni kesheni, Padri kesho atahubiri juu ya kesheni, semina ya akina mama nayo ni kesheni, umesikia katibu, na mimi natikisa kichwa, nimesikia, yaani mtu ananiambia mimi nikeshe, miaka sita sijalala usingizi wa kuota ndoto, nakesha mpaka nasikia mende akibadili mawazo, kama kukesha ndiko kunakompeleka mtu mbinguni basi mimi nimeshafika zamani, nangoja kufunguliwa geti tu... Mungu nisamehe, niko kwenye foleni ya kitubio nafanya mzaha.

Na lile jambo lako lisikusumbue, ananong'ona Mama Kanuni, Padri kesho atalitangaza, kosa la mwandishi, kalamu imeteleza, yameisha. Asante mwenyekiti, nasema. Tangu Jumapili iliyopita kila mtu ananiambia hivyo, kalamu imeteleza, binadamu hatujakamilika, na kila anayeniambia namshukuru, na nikishamshukuru naiona tena ile karatasi ya majina, ni moja, Padri hataki kupoteza karatasi, upande wa mbele imeandikwa MAREHEMU WETU na upande wa nyuma WAGONJWA WETU, kila nyumba inajaza yake, marehemu wanasomwa Novemba, kila jumuiya na Jumapili yake, na wagonjwa wanaanza kuombewa Majilio, na mimi ndiye katibu, mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu wazima na akili zao, jamani msisahau kugeuza karatasi, walio hai ni nyuma, hata nikawatania, nikamwambia mama wa duka la dawa asije akamzika mumewe kwa kalamu ya wino. Ya kwetu niliijaza mwisho. Nimekaa pembeni ya kitanda, karatasi juu ya goti, nikaandika upande wa mbele jina la mume wangu, miaka minne sasa, aliondoka akaniachia mama yake kama mtu anavyomwachia mwenzake funguo, nishikie kidogo narudi, na wifi yangu, binti wa tumbo lake huyo, anapiga simu kila mwisho wa mwezi kuniambia Mungu ananiona, ndiyo, ananiona, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ningependa siku moja aje aunyanyue aone kama ni usufi... na Mama pale kitandani, upande wa kulia wote umelala tangu kiharusi, mdomo unatoa maneno nusunusu lakini akili ni kisu, akasema niandike na mimi, usinisahau, mwaka jana nilisahauliwa. Nikamwandika. Chini ya mwanawe.

Sikugeuza karatasi. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu, jamani usingizi, sikugeuza karatasi, na wao wananihurumia, na ni kweli sikugeuza, lakini jina lile niliandika lote, la ubatizo na la baba yake, kwa mwandiko wangu ule wa katibu, herufi zimesimama kama zimepigwa pasi, kalamu iliyoteleza haiandiki hivyo. Na niliona. Leo ni mara ya kwanza nalisema hata kwa moyo, niliona, kile kichwa cha habari kilikuwa pale pale juu ya kidole changu, MAREHEMU, nikakiangalia, nikaliangalia jina, nikasema nitafuta, nikasema nitafuta asubuhi, na kuna kitu kilitulia ndani yangu, kama pale unapotua ndoo, bado utaibeba lakini umetua... nikaikunja, asubuhi nikaipeleka ofisini. Sasa hiyo ni dhambi ya jina gani? Katika kile kijitabu cha kuchunguza dhamiri haimo, nimekisoma chote hapa kwenye benchi, kuna wizi, kuna uzinzi, kuna kusengenya, kuna kukosa Misa kwa uvivu, hakuna kumwandika mtu upande wa mbele. Nilikuwa nimejipangia vizuri, niseme nimekosa subira, nimesali bila makini, nimemjibu wifi yangu vibaya kwenye simu, nipewe malipizi yangu, Salamu Maria tatu, niende zangu nikanunue sabuni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, mimi nilijikwaa kalamu, na kalamu haikujikwaa.

Songeni. Hakuna aliyetoka, katekista naye anachoka anasema tu. Fundi bomba anageuka kuniuliza Mama anaendeleaje, anauliza kwa upole kupita kiasi, maana Jumapili na yeye alikuwepo, wote walikuwepo, msomaji akakohoa, akaanza kutaja wa jumuiya yetu, akamtaja mume wangu, watu wakaitikia apumzike kwa amani, akamtaja Mama, na watu wakaitikia, na mimi nikaitikia, mdomo wangu mwenyewe, kwa mazoea, apumzike kwa amani, neno limeshatoka ndipo masikio yakaambiwa. Anaendelea vizuri, namwambia fundi bomba, anakula, anasema salamu. Nikatoka katikati ya Misa, nikakimbia, viatu vya kisigino mkononi, hilo watu wote wanalijua, waliniona, na baadaye walikuja, hapo ndipo pa kuchekesha kama mtu ana nguvu ya kucheka, mchana wakaja akina mama saba, Mama Kanuni mbele amevaa nyeusi tupu, kwa mujibu wa utaratibu, nyuso zimeshapangwa kwa kilio, wakamkuta marehemu amekaa dirishani kwenye mto anakunywa chai. Wakajitia hamnazo. Tumekuja kukusalimu tu mama yetu, tumekukumbuka, mmoja akatoa sabuni ya kuogea, mwingine akatoa maua aliyokuja nayo kwa kazi nyingine, wakaimba wimbo mmoja, wakambusu. Walipoondoka Mama alikuwa na machozi. Miaka sita hajatembelewa na watu saba kwa pamoja, alipokuwa hai hawakuja, ndivyo nilivyowaza, tazama mawazo yangu, alipokuwa hai, kama kwamba... akasema, taratibu, kwa upande ule wa mdomo unaosema, leo nimependwa. Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba ili maji yapige kelele.

Na Jumatatu Padri anakuja kumletea Komunyo. Kesho tangazo, keshokutwa Komunyo, na Padri wetu ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna mlango, atakaa kwenye kile kiti changu cha cherehani, atacheka, atamwambia mama unajua sisi tulishakuombea raha ya milele, samahani sana ni kosa la katibu wetu, uchovu, na Mama atacheka naye, kisha Padri ataondoka na gari lake, na Mama atakuwa ameelewa wale saba walikuja kwa nini. Atanitazama. Hilo ndilo ninaloogopa, si Jehanamu, Jehanamu iko mbali na kule angalau kuna watu wengi, ni yule mama na jicho lake moja zima na chumba kile, mimi na yeye, na nusu saa mpaka dawa ya jioni. Usilibebe hata kwenye kitubio, Mama Kanuni ananong'ona tena, utampotezea Padri muda, makosa si dhambi, hata kanuni ipo, na mimi nageuka namwangalia, sura yake nzuri ya mviringo, amechoka na yeye, kumbe, ana uvimbe chini ya macho, huyu naye analala wapi... nasema ni kweli mwenyekiti, nageuka mbele. Watatu bado.

Kwa sababu nilikimbia, ndiyo, lakini sijamwambia mtu kwamba nilipofika sikuingia. Nilisimama mlangoni. Mkono juu ya komeo, viatu mkononi, pumzi juu juu, na ndani kimya, redio imezimika, hata kile kitanda chake kinacholia bila sababu kilikuwa kimya, na mimi nikasema basi, imekuwa, kanisa zima limemwombea na imekuwa, na sikuona jeneza, Mungu wangu, sikuona kaburi wala wifi yangu akishuka na mabegi, niliona kitanda changu mwenyewe, mimi nimelala juu yake saa nne asubuhi, jua liko nje, na hakuna anayeniita. Nilikiona mpaka foronya. Nikasimama nikakitazama. Muda wa Baba Yetu moja, labda mbili, sikufungua, kwa makusudi, kwa sababu nikifungua nitajua, na pale nilipokuwa sijui nilikuwa napumzika, yale ndiyo mapumziko yangu ya miaka sita, mlangoni, kisigino mkononi. Halafu akakohoa. Kikohozi chake kile cha upande mmoja. Na moyo ukanishuka, siwezi kusema vingine, siwezi kuurembesha, nilisikia yu hai na moyo ukanishuka, na kabla haujafika chini mkono ulikuwa umeshafungua, na mdomo wangu unasema asante, kwa sauti, asante, asante, machozi yananitoka kwa furaha, furaha kabisa, ya kweli, sijui ilikuwa imekaa wapi muda wote ule. Vyote viwili. Kwa wakati mmoja, ndani ya mtu mmoja. Akanitazama, akasema, "Umewahi."

Alimaanisha Misa. Misa ilikuwa haijafika hata matoleo. Nikamwambia, "Nimewahi, Mama," nikaweka viatu chini, nikaenda kuchemsha maji ya kumuogesha... nikamuogesha, nikamsugua mgongo kwa mkono huu, mkono ule ule wa kalamu, na yeye anaimba puani, na nilimpenda, nataka hilo nalo liandikwe mahali, nilimpenda na nilikuwa nimechoka kiasi cha kumuua kwa wino.

Basi si kalamu. Nikiingia humo sitasema kalamu. Nitasema Baba niliona, nikaacha, kisha nikasimama mlangoni, nianzie mlangoni, yaliyobaki ayapange mwenyewe, yeye ndiye amesomea. Na anipe malipizi anayotaka, akinipa rozari nzima nitalala kwenye fumbo la pili, Mungu atamalizia. Lakini Padri atanisamehe, hiyo ndiyo kazi yake, atanisamehe amekaa, amevaa stola yake, hanidai kitu na simdai... na mimi siogopi kusamehewa na Padri. Ni lazima nimwambie Mama. Leo, kabla ya tangazo, kabla hajaletewa kama kichekesho, nikae kwenye kile kiti nimwambie Mama, nilikuandika mbele, na niliona. Sijui atasema nini. Anaweza kucheka, ana ucheshi wa ajabu yule mwanamke, anaweza kusema hata yeye alishajiandika zamani wala hawakumsikiliza. Na anaweza asiseme. Songeni, anasema katekista, songeni tusiache nafasi, na hakuna aliyetoka, hakuna pa kusonga, mzee wa kwaya anakoroma kidogo, mama wa duka la dawa anahesabu punje za rozari, na mimi nimekaa pale pale, ila usingizi umenitoka wote, kwa sababu nimeliona jambo ambalo sikuwa nimeliona, kwamba akikasirika, na ana haki, akitaka kunipa mgongo asinione, peke yake hawezi, itabidi aniombe mimi nimgeuze. Na nitamgeuza, taratibu, bega kwanza kisha nyonga, nimwekee mto nyuma asirudi kwangu mpaka atake mwenyewe.