Asali kwa Miguu ya Lea

Asubuhi ya mtihani wa Hesabu, miguu ya binti yangu Lea ilikataa kuamka. Mikono nayo ikakataa. Mdomo tu ndio uliokuwa mzima.

“Anakwepa mtihani huyo,” dada yangu Scholastika alisema mlangoni.

“Shangazi, anayekwepa hukimbia,” Lea akamjibu. “Mimi hata nzi simfukuzi.”

Jana yake alinisaidia shambani kutwa nzima, ingawa nilimkataza. Jioni nikampa ugali wa kutosha na kikombe cha asali. Huku Iguguno mtu akichoka hupewa asali, na mimi nina mizinga.

Jioni ya siku ile ya Hesabu alisimama. Nikafurahi, nikampa vikombe viwili. Kesho yake akalala tena, Biolojia ikapita. Nikaona nguvu bado haijamtosha, nikampa vitatu. Kemia nayo ikapita.

Ndipo nikampeleka hospitali Singida mjini. Daktari Aneth akampima damu, akauliza, “Jioni anakula nini?”

“Asali, daktari. Safi, ya kwangu mwenyewe.”

Akaweka kalamu chini.

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo Lea ndiye aliyenieleza maneno ya daktari tukiwa kwenye benchi.

“Baba, fikiria mzinga. Kalsiamu ni nyuki, iko ndani ya msuli. Mlangoni kuna mlinzi. Ubongo ukiagiza, mlinzi anafungua, kalsiamu inatoka, msuli unajikaza. Mlinzi wangu nimezaliwa naye akiwa na kasoro. Potasiamu, ile chumvi ya mwilini, ikishuka kwenye damu, hasikii amri.”

“Na nini kinaishusha?”

Akaniangalia kwa huruma. “Kazi nzito, kisha kupumzika. Na vitu vitamu vingi.”

Nilitamani anitukane.

“Usinune, baba. Tamu ilikuwa kweli.”

“Nyamaza, mama. Nilikuwa nakufunga miguu.”

“Ulikuwa unanifunga kwa upendo. Sasa nipe mkono, twende, kabla mlinzi hajasinzia.”

Miguu ilikuwa imeanza kurudi; akaegemea bega langu mpaka kituo cha mabasi. Alitembea kwa miguu yake, mimi ndiye niliyekuwa mzito.

Sasa anatumia dawa ya potasiamu, anakula kidogo kidogo, na jembe nimelificha.

Gharama ya kosa langu ni hii: Hesabu, Biolojia, Kemia. Mwaka mmoja wa kurudia. Vikombe sita vya asali, vyote kwa mkono wangu.