Wa Mwisho Yupo Hapa

Siku ya tisa baada ya mazishi, wageni wa mwisho walipokwisha kuondoka na viti vya kukodi kurudishwa, Kitindamimba alipiga deki chumba cha mama yake. Alianzia dirishani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, kama alivyofundishwa. Pembeni mwa kitanda maji yalituama kwenye vishimo viwili, naye akayafyonza kwa kitambaa, kimoja kwanza, kisha cha pili. Vilikuwa vishimo vya magoti. Mama alikuwa dobi wa hospitali, na kila siku aliporudi kutoka kwenye mashuka ya wagonjwa alipiga magoti mahali pale pale, saa kumi alasiri, miaka thelathini na minane. Saruji ilishindana naye miaka kama sita hivi, kisha ikakubali yaishe.

Saa kumi ilipofika, sakafu ikaanza kuomba.

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ile ile ya Mama, imekwaruzwa kidogo na sabuni ya unga. "Baba, tumekuja tena," ilisema kutoka kwenye vishimo. Kitindamimba alikamua kitambaa, akakianika dirishani, akakaa kwenye cherehani yake kupindia sketi ya mteja. Alikanyaga taratibu ili asikose neno.

Sakafu ilimwombea kwanza mtoto mkubwa. Ilieleza kwamba alisema angekuja Jumamosi, kwamba alipikiwa, kwamba hakuja, na kwamba shughuli zake ni nyingi. "Usimhesabie," ilisema. Ikamwombea mtoto wa kati, aliyeko ng'ambo, asipate baridi, apate muda wa kupiga simu, na asipopata, "usimhesabie." Haya yalichukua robo saa. Kisha ikavuta pumzi.

"Na huyu wa mwisho, yupo hapa. Amina."

"Amina," alisema Kitindamimba, akakata uzi kwa meno.

Muuza mkaa wa nyumba ya pili, aliyekuja kuchukua sketi yake, alikuwa amesimama mlangoni tangu maombi yalipofika ng'ambo. Alisubiri Amina kwa adabu.

"Mama leo kachelewa kidogo," alisema.

"Saa yako inakwenda mbele, shoga yangu."

Wakacheka, na sketi ikaonekana inambana kiunoni.

Kitindamimba alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alipokuwa na ishirini na saba, kiwanda cha nguo cha mji mwingine kilimwita akashone kola za mashati, kwa sababu kola zake zilisimama wima hata baada ya kufuliwa mara mia. Mwezi huo huo miguu ya Mama ikavimba. Kaka Mkubwa alisema mtu wa kukaa na Mama lazima apatikane, akamtazama yeye. Dada wa Kati akasema hivyo hivyo kwa simu, na ingawa simu haina macho, Kitindamimba alijiona anatazamwa. Akabaki. Alimwogesha Mama, akamsomea Zaburi, akamshika mkono kumsaidia kushuka chini saa kumi na kumwinua saa kumi na robo. Miaka kumi na minne alishona dirishani akisikiliza maombi na kungoja fungu lake, na fungu lake lilikuwa maneno sita. Hakulalamika. Aliwaza tu kwamba Mama amechoka, siku akipata nafasi atalirefusha. Sasa alipokuwa amekufa na hana mashuka ya kufua, Kitindamimba aliona nafasi ipo.

Wiki ya tatu Kaka Mkubwa akaja. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa, mtu wa suti na leso nyeupe, na mazishini alizungumza dakika hamsini. Alisimama juu ya vishimo mikono nyuma, akasikiliza hadi mwisho, akajifuta macho.

"Mdogo wangu," alisema, "kitu kama hiki hakiwezi kukaa chumbani kwa mtu. Hii ni mali ya waumini."

"Ni sakafu, Kaka."

"Ilikuwa sakafu. Jumapili ya Akina Mama inakuja. Tutamuenzi Mama mpaka watu wajue kwamba tulikuwa na mama."

"Mlango wa choo bado umefungwa kwa kamba."

"Hilo tutaliangalia," alisema Kaka Mkubwa, na kweli, alipokuwa akitoka aliuangalia.

Kesho yake mwashi akaja na patasi na watu wanne. Alikata saruji pande zote kwa upole, kama mtu anayekata keki ya harusi ya mwenzake, na saa kumi ilipomkuta katikati ya kazi aliweka nyundo chini, akavua kofia, akasikiliza. Kisha akauliza kama yule wa mwisho ndiye huyu. Kitindamimba akasema ndiye. "Hongera," alisema mwashi, maana hakujua aseme nini. Wakalibeba jiwe lenye vishimo kwenye mkokoteni. Chumbani likabaki shimo la kuzama hadi gotini, na Kaka Mkubwa akaahidi saruji wiki ijayo. Kitindamimba aliweka ubao juu yake, akajifunza kuuruka.

Jumapili ya Akina Mama kanisa lilijaa. Jiwe liliwekwa mbele, karibu na mimbari, ndani ya sanduku la kioo lenye kibao cha shaba. Kibao kilikuwa na jina la Kaka Mkubwa kama mtoaji, na chini yake, kwa herufi ndogo, neno "Mama". Dada wa Kati alilia kutoka ng'ambo kwa dakika nane, simu yake ikiwa imewekwa kwenye kipaza sauti. Alilia vizuri sana, kwa kupanda na kushuka, na mpiga kinanda akamfuata.

Kisha mchungaji akawaomba akina mama wote wasimame wapigiwe makofi. Hakusimama mtu. Akina mama wote walikuwa nyuma ya kanisa tangu alfajiri, wakipika chakula cha sherehe yao, na moshi ulikuwa umewakolea. Akina baba hawakukatishwa tamaa. Waliyageukia mabenchi matupu, wakayapigia makofi ya nguvu, na mchungaji akasema ni wachache duniani waliowahi kuheshimiwa namna ile.

Kitindamimba alisikia makofi akiwa ameinamia sufuria. Muuza mkaa, aliyekuwa akipuliza moto, alimgusa kwa kiwiko.

"Wanatupigia sisi hao."

"Basi nyanyuka upokee."

"Wali utaungua."

Hotuba ya Kaka Mkubwa ilichukua saa mbili. Alisimulia maneno ya mwisho aliyoambiwa na Mama, ambayo yalikuwa mazuri mno, yenye aya nne za Biblia, na Kitindamimba, aliyekuwa amemshika Mama kichwa siku hiyo, alikumbuka kwamba Mama aliomba maji na kuuliza kama nguo zimeanuliwa. Hotuba ilikuwa bado inaendelea saa kumi ilipogonga, na jiwe halikumsubiri mtu.

"Baba, tumekuja tena," lilisema.

Kitindamimba aliacha mwiko, akaja kusimama mlangoni, mikono ina masizi.

Lilimleta mtoto mkubwa mbele za Mungu, na mbele ya watu mia tano. Lilitaja Jumamosi zote, moja baada ya nyingine. Lilitaja dawa ya miguu iliyoahidiwa Pasaka ikafika Krismasi, tena ya mguu mmoja. Lilitaja mlango wa choo na kamba yake. Lilitaja siku Mama alipokwenda ofisini kwake kumsalimu, na yeye akawaambia wageni kwamba ni mama mmoja wa mtaani anayesaidiwa na kanisa. "Usimhesabie, Baba. Viatu vyangu siku ile vilikuwa vibaya kweli."

Kitindamimba alimtazama kaka yake, akidhani sasa, baada ya miaka yote hiyo, atainamisha kichwa. Kaka Mkubwa alitoa leso.

"Mnasikia?" alisema, machozi yakimtiririka. "Mnasikia nilivyopendwa?"

"Amina!" kanisa lilijibu kwa kishindo.

"Mtu haombewi hivi kama si mtu mkubwa," mchungaji aliongeza. Wazee wawili wa kanisa waliokaa mstari wa mbele walikubaliana kimyakimya kwamba jioni ile wakakague sakafu za mama zao. Walikuta vigae, wakasikitika.

Makelele yalipotulia, jiwe lilikuwa limemaliza ng'ambo na limefika mwisho. "Na huyu wa mwisho, yupo hapa. Amina." Watu waligeuka, wakamwona mlangoni na masizi yake, wakathibitisha kwamba kweli yupo. Mmoja akamwuliza kama chakula kiko tayari.

Tangu hapo jiwe liliombea kanisani kila siku, na Jumapili liliingizwa kwenye ratiba ya ibada ya alasiri, kati ya matangazo na sadaka. Kwaya ikashusha mapambio nusu sauti ili yafanane nalo. Kaka Mkubwa akapanda kutoka kamati ya ujenzi hadi uenyekiti wa kanisa zima, kwa kura za wote. Na kwa kuwa kioo kilikuwa kinashika vumbi, kamati ilimteua Kitindamimba awe anakifuta kila siku, kwa moyo, kwa sababu ameshazoea.

Alikifuta miezi mitatu. Siku moja ya katikati ya wiki alikuwa peke yake na tambara lake jiwe lilipoanza. Aliweka paji la uso kwenye kioo.

"Mama," alisema, "mimi pia nina mambo. Mgongo unaniuma. Macho hayaoni tundu la sindano kama zamani. Chumbani nina shimo. Niombee hata shimo tu."

Jiwe lilimwombea Dada wa Kati asipate baridi.

"Na huyu wa mwisho, yupo hapa. Amina."

Kitindamimba alifuta alama ya paji lake kwenye kioo. Hakuwa mjinga. Aliwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, akaliona lilivyo: anayeombewa ni yule asiyekuwepo. Asubuhi yake akapiga simu kiwandani kuuliza kama bado wanashona kola. Walikuwa wanashona, na zilikuwa zinalala.

Jumatatu alimwachia muuza mkaa ufunguo, akafunga cherehani kwa shuka, akaondoka. Alipangishiwa chumba chenye sakafu nzima. Jumapili ya kwanza, saa kumi na nusu, alipiga simu moyo ukimdunda kama wa msichana anayengoja posa.

"Haya, niambie. Kasemaje?"

"Nani?" aliuliza muuza mkaa.

"Mama! Kasemaje kuhusu mimi?"

Muuza mkaa alikohoa kidogo. "Kasema upo hapa."

"Hajajua bado. Mpe wiki."

Alimpa wiki, kisha akampa tatu. Kila Jumapili jiwe lilisema wa mwisho yupo hapa, na kanisa likaitikia Amina. Katibu wa kanisa, mtu makini, alimwekea alama za vema kwenye kitabu cha mahudhurio, na mwisho wa robo mwaka akatajwa kama mfano wa waumini wasiokosa hata siku moja. Kisha Kaka Mkubwa akapiga simu.

"Kioo kina vumbi, mdogo wangu."

"Kaka, shikamoo. Mimi sipo huko. Mwezi wa pili sasa nipo kiwandani."

"Marahaba. Vipi hupo, na Mama kila siku anasema upo?"

"Mama anasema hivyo, lakini mimi nipo huku, nakwambia. Husikii mashine?"

Sauti ya Kaka Mkubwa ikawa na huzuni ya kiongozi. "Kwa hiyo unataka kusema Mama ni mwongo. Marehemu. Mbele ya waumini."

Kitindamimba alimtakia kaka yake jioni njema.

Kesho yake mashine zilipozimwa kwa mapumziko ya saa kumi, wenzake wakaenda kunywa maji, yeye akabaki kitini. Kuomba alijua, alikulia ndani yake. Ila hakuwa amewahi kujiombea mwenyewe, na aliona haya kidogo, kama mtu anayejipakulia nyama kwa watu. "Baba, nimekuja," alisema. "Wa mwisho sipo kule, wanachanganya. Nipo huku, mashine ya kumi na saba, karibu na dirisha." Akamweleza mgongo, macho, na lile shimo. Akaona amwombee na Kaka Mkubwa, maana ndivyo alivyolelewa, lakini alipofika kwenye "usimhesabie" ulimi ulikwama. Akajaribu mara mbili. Mwishowe akasema, "Huyo mtajuana," akasema Amina, akavuta kola nyingine.

Mwisho wa mwaka wachungaji wa wilaya nzima walifanya semina pale kanisani. Muuza mkaa alimpigia simu jioni yake, pumzi zikimtoka kwa uchovu.

"Sahani mia tatu, shoga yangu. Zamu ilikuwa yako. Uliandikwa wa kwanza kwenye orodha."

"Mimi?"

"Si unasemwa upo? Nimeziosha mwenyewe, mikono imekunjamana kama ya mtoto mchanga. Kaka yako akapanda mimbarini kukushukuru. Akasema umerithi moyo wa Mama, umeosha sahani zote bila hata kuonekana."

Upande wa pili Kitindamimba alisikia sahani zikipangwa.

"Walipiga makofi?" aliuliza.

"Walisimama kabisa."

"Basi waambie nimepokea," alisema Kitindamimba.