Kidole Kwenye Tundu la Oili

...na usikitoe, alisema mume wangu Mseti, hata pua ikikuwasha usikitoe, kana kwamba nina mahali pa kukipeleka, kidole gumba changu cha kulia kimeziba tundu la oili ubavuni mwa injini ya lori lake, injini yenyewe imekaa juu ya magogo mbele ya nyumba yetu hapa Nyanungu kama ng'ombe aliyechunwa, na mama mkwe anapepeta ulezi upande ule ule unakotoka upepo, maana uwanja ni wake na nadhani upepo nao ni wake, makapi yote yanatujia sisi, ndiyo maana ya kidole, tambara halifai, tambara linaacha nyuzi na nyuzi zinaziba njia ya oili, mke haachi nyuzi... hilo la nyuzi za mke ni langu, Mseti hana mzaha akishakuwa injinia, na amekuwa injinia tangu arudi vitani Burma, ingawa kule, kwa maneno yake mwenyewe pombe ikimkolea, alikuwa akiosha magari, sasa namsikia nyuma ya nyumba akichuja oili kwa kipande cha parachuti alichorudi nacho, hicho hakiachi nyuzi, nilimwambia basi zibia hicho, akasema hicho ni cha oili, Felista, kila kitu na kazi yake, na jirani yetu Nashoni, aliyekuja kusaidia kunyanyua vyuma, akacheka, "Mseti, huyu mke ulipewa dukani pamoja na spana?" na Mseti, "Spana haikuulizi maswali, bwana," wakaenda zao wakicheka, nikabaki na injini, na mama, na samli.

Samli, Mungu wangu, sasa hivi tu, hata vidole vya mama havijakauka, ameweka ungo chini, amekuja na kibuyu chake taratibu, na zile beringi, vile vipande vya duara vinavyong'aa ambavyo Mseti amevipanga juu ya gunia safi hataki hata nivipumulie, amevipaka samli kimoja kimoja kwa vidole viwili, kwa upole, kama anavyopakwa mtoto utosini, akivitajia majina ya wazee wa ukoo, halafu akanitazama, "Kitu hakiingii boma hili kikavu, mkamwana, hata wewe tulikupaka pale langoni, au umesahau?" nikasema sijasahau, mama, na kweli sijasahau, ilinitiririka masikioni, siku nzima ya harusi nilisikia watu kama niko chini ya maji, nikadhani itakwisha jioni... amerudi kwenye ungo wake, anaimba kidogo, kidole kimeziba tundu, mdomo umezibwa na nini.

Maana najua, Mseti kanieleza mara nyingi kuliko padri alivyonieleza wokovu, injini iliyofumuliwa huuawa dakika ya kwanza ya kuwashwa, kabla oili haijapanda, chuma kinasaga chuma kikavu, ndiyo maana unapaka oili kabla ya kufunga, na samli si oili, samli itaungua, itaganda, itaziba hili hili tundu ninalolilinda kwa kidole changu kama mjinga, "Nashoni, shika hapo, usimwage!" ni Mseti huyo nyuma ya nyumba, wanakaribia kumaliza... na nikimwambia? ataifuta, na kufuta baraka ya mama mbele ya macho yake ni tusi, wataitwa wazee, wazee hawakai bila pombe, pombe haipikwi kabla ulezi huu haujaoteshwa na kukaushwa, injini itarudishiwa grisi na magunia kama msimu uliopita, na msimu wa kabla yake, na ile nafasi ya kufundisha katika shule ya misheni kule Ikoma, aliyosema padri kwamba itaningoja mpaka shule zifunguliwe, itapewa mtu mwingine, kwa sababu mke wa mwenye lori haendi kazini kwa miguu, alisema Mseti, watu watanicheka, subiri liwake nitakupeleka mwenyewe na honi nitapiga... basi nikae kimya, acha alifunge na samli yake, linifikishe Ikoma, hata lifike nusu ya njia, life huko porini mimi nikiwa juu yake, kufa kwake kunanihusu nini...

Loo, Felista, ndiyo umefika hapo, kuombea lori life ili wewe utoke, na yeye hataki hata lipatwe na vumbi, hakuna kitu wilaya hii kimetunzwa kama injini hii, kila msimu inafunguliwa, inasafishwa, inapakwa, inafunikwa, haina kutu hata punje, na haijakwenda hata Turwa kununua chumvi, na mimi pia sina kutu, sahani zangu safi, Kiingereza changu safi, nimepakwa nikafunikwa, "Felista! Kidole kipo?" kipo, nasema, kipo, na mama anaitikia kutoka kwenye makapi, "Kipo, mwanangu, mkeo ni imara," nani amewahi kwenda Ikoma kwa lori, wauza ngozi wanakwenda kwa miguu na mizigo kichwani, shangazi Agustina alikwenda kwa miguu na mimba, watu watacheka, wacheke, watamcheka Mseti, si mimi, heshima yake hiyo ndiyo nimekuwa nikiilinda, nilidhani ni tundu la oili... akitokeza tu nitamwambia, Mseti, mama amezipaka beringi samli, na atakavyofanya na mama yake ni shauri lake, injini haina kosa nami, sitaki ife, halafu la pili, la Ikoma, nitalisema kwa miguu... nyayo zake hizo, au za Nashoni, bado, wanabishana habari ya kopo la oili, makapi yananiingia machoni, kidole kimekufa ganzi na hakijasogea, lakini miguu naisikia, yote miwili, imesimama vumbini muda wote huu, na miguu hakuna aliyeniambia nisiitoe.