Mwalimu Aomba Asamehewe Darasa

Katika kaunti yetu hakuna mtalaka asiyemjua Wendell Hofstra. Sheria ya huku Nebraska haina cha bwana mkubwa: una mtoto na unataka talaka, nenda kwanza darasa la malezi. Na darasa lenyewe, kila Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri, kwa kahawa nyepesi na donati za juzi, alilifundisha yeye. Safari hii talaka ikabisha hodi kwake. Tangu mkewe Joyce aondoke na binti yao, Maren, moyo ulimfa ganzi. Alikula, akalala, akafundisha, basi. Kitu kimoja tu hakukitaka: kukaa upande wa wanaoulizwa maswali. Akaiomba mahakama imsamehe darasa.

"Mheshimiwa, nikajifunze nini? Masomo yenyewe nimeyatunga mimi."

Jaji Pruitt, mama aliyesoma naye, akacheka. "Kweli, Wendell, itakuwa kichekesho. Joyce, una pingamizi?"

"Sina. Msameheni tu."

"Nakala ya ombi ulipata?"

"Nilipata Ijumaa. Maren aliniletea kwenye bahasha."

Jaji akaweka kalamu chini. "Maren alipewa na nani?"

"Na mimi," Wendell akasema. "Nilikuwa nampeleka kwa mama yake, nikaona..."

Somo lake la kwanza kabisa, analolikariri hata usingizini, ni kwamba mtoto asifanywe tarishi wa wazazi.

"Darasani utakwenda," jaji akasema, na sasa hakucheka.

Jumamosi akaketi kwenye viti vya chuma pamoja na wenzake. Alifundisha Yvonne, msaidizi wake, uso umemwiva kwa haya. Wendell hakuona haya wala uchungu.

"Bwana Hofstra, usinichukie, ni zamu yako. Ulipompa mtoto ile bahasha, uso wake ulikuwaje?"

Swali lilikuwa lake mwenyewe. Alishawaliza nalo wanaume wenye mabega kama milango.

Aliikumbuka bahasha. Aliukumbuka mkoba wa njano wa Maren, na theluji kwenye kioo cha gari. Uso hakuukumbuka.

"Sijui," akasema. "Sikumtazama."

Yvonne akamsogezea boksi la tishu, kama alivyofunzwa. Wendell akaliangalia, macho makavu, na kwa mara ya kwanza tangu Joyce aondoke, akaogopa.